Dawa ni Bure, Njia ya Kuifikia Si Bure: Hotuba kwa Wakazi wa Ngamiani, Tanga, juu ya Mabusha, Matende na Umaskini

Waheshimiwa madiwani, maofisa wa afya, wazee wangu wa Ngamiani, kina mama, na ninyi vijana mlioacha vibarua vyenu asubuhi hii ili mje kutusikiliza: Assalaam alaykum, na kwa ndugu zangu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme juu ya umaskini na afya ya jamii katika nchi yetu. Jambo hilo ni pana mno, na mtu akitaka kulisema lote kwa saa moja ataishia kutaja majina ya magonjwa tu. Kwa hiyo nimechagua maradhi ya aina moja, ambayo kila aliyezaliwa katika mwambao huu, kutoka Moa mpaka Pangani, na kutoka Pangani mpaka Bagamoyo na Kilwa, anayajua kwa macho hata kama hayataji kwa mdomo. Nazungumzia mabusha na matende. Malaria ina watetezi wengi, na inastahili. Kifua kikuu na UKIMWI pia vina bajeti na vina siku zake za maadhimisho. Busha haliui. Mwenye busha haingii katika hesabu ya vifo vya wilaya, haletwi hospitali akiwa taabani usiku wa manane, na kwa sababu ya haya hajitokezi mwenyewe kudai haki yake. Hukaa nyumbani. Ukitaka kujua umaskini unavyoshikana na maradhi, mwangalie huyu anayekaa nyumbani.

Nilianza kazi ya ubwana afya nikiwa kijana, na moja ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa kupima damu usiku. Wale wadogo kati yenu huenda mkashangaa kwa nini usiku. Minyoo wanaoleta maradhi haya, ambao wataalamu huwaita Wuchereria bancrofti, ni wembamba kama uzi, nao hukaa ndani ya mishipa ya limfu, yaani ile mishipa inayorudisha maji ya mwili katika damu. Humo huweza kuishi miaka 6 hadi 8, na muda wote huo huzaa watoto kwa mamilioni. Watoto hao mchana hujificha ndani, hasa katika mishipa midogo ya mapafu. Usiku, tangu saa nne mpaka saa nane, hutoka na kuzagaa katika damu iliyo karibu na ngozi, saa zilezile ambazo mbu anauma. Ukimtoboa mtu kidole saa tano mchana unaweza usione kitu. Basi tulikuwa tunaingia vijijini usiku na karabai, vipande vya vioo, pamba na spiriti, tunagonga milango.

Watu wazima hapa mnajua neno lililotutangulia kila tulipokwenda. Mumiani, yaani wanyonya damu. Katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini ya mji huu wanaume walikimbilia mikokoni, na tukabaki na wazee na watoto. Mzee mmoja alininyooshea kidole chake bila woga, akaniacha nitoboe, kisha akauliza: “Mwanangu, damu mmekuja kuichukua usiku; majibu mtayaleta mchana gani?” Sikuwa na la kumjibu. Vioo vile vilipelekwa vilikopelekwa, nami nikahamishiwa kituo kingine, na mpaka leo sijui kama kuna mtu aliyerudi katika kijiji kile kumwambia mzee yule nini kilionekana katika damu yake. Wanaume wale niliwaona wajinga wakati ule. Leo naona walikuwa na hoja: mtu anayekujia usiku, akachukua kitu katika mwili wako bila maelezo, kisha asirudi, huna sababu ya kumfungulia mlango mara ya pili.

Nieleze maradhi yenyewe kwa ufupi, maana yako mengi yanayosemwa. Mnyoo huyu huletwa na mbu. Katika pwani yetu wako mbu wa namna mbili wanaofanya kazi hiyo: yule yule anayeambukiza malaria, na yule mwingine, mbu wa nyumbani anayevuma sikioni, ambaye huzaliana katika maji machafu, yaani mashimo ya vyoo, makaro yaliyopasuka na mitaro iliyoziba. Hupati busha kwa kuumwa na mbu mara moja. Inahitaji kuumwa mara nyingi, miezi na miaka, na ndiyo maana maradhi haya humpata zaidi anayelala bila chandarua, katika chumba kisicho na wavu dirishani, karibu na choo cha shimo ambacho wapangaji wa nyumba nzima wanakichangia. Mwanzoni mtu haoni lolote. Baadaye huja mtoki, yale maumivu ya kinena na homa ya siku mbili tatu, naye humeza vidonge vya maumivu na kurudi kazini. Mtoki hurudi na kurudi. Miaka ikipita, kwa mwanamume maji hujaa katika mfuko wa korodani, na hilo ndilo busha; na kwa mwanamume au mwanamke mguu huvimba, wakati mwingine mkono, wakati mwingine ziwa, na hayo ndiyo matende.

Madafu hayamo katika maelezo hayo, wala baridi ya bahari, wala kurogwa na jirani. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu nimelelewa na bibi aliyetukataza madafu ya jioni kwa hofu ya mabusha, naye alitupenda. Wazee wetu waliona jambo la kweli, kwamba pwani penye minazi ndipo penye mabusha. Kilichowapita ni mbu, ambaye naye alikuwa palepale na hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Sasa niwape habari za mtu mmoja. Jina lake silitaji. Alikuwa mkwezi, katika kijiji kisicho mbali na Tongoni. Mnajua kazi ya mkwezi: hulipwa kwa idadi ya minazi, au hupewa sehemu ya nazi alizoangusha, na siku asiyokwea hana chake. Nilipoingia kwake mara ya kwanza niliona kamba yake ya kukwelea imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, nayo imefanya utando wa buibui. Busha lilikuwa limemzuia kuukumbatia mnazi. Akahamia kufua nazi, lakini kufua nazi ni kusimama mbele ya kifuo na kuinama kwa nguvu zote, mamia ya nazi kwa siku, na hilo nalo likamshinda. Mkewe akaanza kusuka makuti ya kuuza, na binti yao mkubwa akawa anabaki nyumbani siku za msimu kumsaidia mama, ingawa alikuwa bado yumo katika daftari la shule. Ijumaa mzee alisali nyumbani. Kanzu yake nzuri ilikuwa imekunjwa ndani ya kasha. Alisema kanzu inaficha mtu akiwa amesimama, lakini akienda kwenye rukuu kila aliye nyuma yake anaona.

Busha lile lingeweza kuondolewa kwa upasuaji usiozidi saa moja. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Na kambi za upasuaji wa bure zilitangazwa, tena zaidi ya mara moja, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Hakwenda. Nilimuuliza sababu, naye akanihesabia kwa vidole kama mtu aliyekwisha kuifanya hesabu hiyo mara nyingi usiku. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kwa sababu mtu hapasuliwi peke yake bila wa kumwangalia. Chakula cha huyo mwangalizi mjini. Kurudi kutazamwa kidonda. Wiki kadhaa ambazo mkewe angemuuguza badala ya kusuka makuti, na hayo makuti ndiyo unga wa nyumba. Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza la mwisho, kwamba angekaa kwenye benchi ambalo kila apitaye analijua ni benchi la nini.

Alikwenda miaka kadhaa baadaye, pale ndugu zake watatu walipochanga nauli na jirani mmoja akakubali kukaa naye wodini. Alipona vizuri. Minazi hakuirudia, umri ulikuwa umekwenda. Lakini Ijumaa ya kwanza aliyoweza kutembea bila maumivu alitoa ile kanzu ndani ya kasha, akaenda msikitini, na akaswali katika safu ya mbele.

Ndugu zangu, tuliangalie neno “bure” kwa makini. Vidonge vya kukinga maradhi haya, ivermectin na albendazole, ni vya bure kweli. Kampuni mbili kubwa za dawa, Merck na SmithKline Beecham, ambayo baadaye ikawa GlaxoSmithKline, zilikubali mwaka 1998 kuvitoa bila malipo kwa ajili ya kutokomeza matende na mabusha, na mpango wa dunia nzima ulianza mwaka 2000. Hapa kwetu Tanzania ugawaji ulianzia kisiwani Mafia mwaka huohuo. Utaratibu wake ni mwepesi. Mgawa dawa hupita nyumba kwa nyumba na fimbo yake yenye alama, anakusimamisha, anakupima urefu, na urefu wako ndio unaomwambia idadi ya vidonge. Mtoto aliye chini ya sentimita 90 haruhusiwi, wala mama mjamzito, wala mgonjwa mahututi. Mara moja kwa mwaka, miaka mitano au zaidi mfululizo, na watu wa kutosha wakimeza, mnyoo hukosa pa kupita. Togo ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa maradhi haya si tatizo tena la afya ya jamii huko, na jirani zetu Malawi wakafuata mwaka 2020. Si nchi tajiri kutuzidi. Lengo la dunia sasa ni mwaka 2030.

Lakini watu wetu huambiwa wale kwanza ndipo wameze. Ni ushauri mzuri. Nimekaa na wagawa dawa, wengi wao kina mama wa mitaani wanaolipwa posho ndogo kwa kazi kubwa, nao wamenieleza wanavyofika saa tatu asubuhi katika nyumba ambayo moto haujawashwa na hautawashwa mpaka jioni, baba akirudi na chochote. Mama wa nyumba ile huona aibu kusema kwamba hawajala. Husema, “Tuachie, tutameza baadaye,” na mgawa dawa haruhusiwi kuacha vidonge. Hivyo katika daftari huandikwa kwamba wamekataa. Hawakukataa! Hawakuwa na uji. Tunapowahesabu wenye njaa miongoni mwa wakaidi, mwaka unaofuata tunawaletea matangazo ya kuwaelimisha, wakati walichohitaji ni mgawa dawa kurudi jioni. Na mvuvi naye yuko baharini mchana, au amelala baada ya kuvua usiku kucha. Kijana wa bodaboda hayupo. Mwanamume ndiye anayekosa dawa zaidi na ndiye anayeota busha.

Najua yako pia maneno kwamba vidonge hivi vinamaliza nguvu za kiume au vinazuia uzazi. Si kweli. Baadhi ya watu hupata homa, kizunguzungu au muwasho siku moja mbili, na mara nyingi ni kwa sababu vijinyoo vilivyo katika damu yao vinakufa kwa pamoja. Mtu akiambiwa hivyo kabla ya kumeza, huvumilia. Asipoambiwa, atawaeleza jirani zake wote kwamba amepewa sumu, na sitamlaumu.

Kuhusu wenye matende nina jambo moja la kuwaonyesha, na nitaomba mlifuate kwa macho, kwa sababu tiba yake kubwa mnayo majumbani. Mguu uliokwisha kuvimba sana haurudi kuwa kama zamani, lakini unaweza kuzuiwa usizidi, usinuke na usichome kwa homa kila mwezi. Chukua beseni, maji safi na kipande cha sabuni ya kawaida. Osha mguu polepole kuanzia juu kushuka, ingiza kitambaa chembamba kati ya vidole na katika kila mkunjo wa ngozi, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua, hasa kati ya vidole, kwa kuwa unyevunyevu ndio unaopasua ngozi na kufungua mlango wa vidudu. Penye mpasuko paka dawa. Ukikaa, inua mguu. Ukilala, weka kitu chini ya godoro upande wa miguuni. Chezesha kifundo mara kwa mara. Kila siku. Ni hayo tu, na mama niliyemfundisha mimi mwenyewe hapa mjini alikaa zaidi ya mwaka bila homa ya mtoki, baada ya kuzoea kuipata karibu kila mwezi.

Halafu akaanza kuipata tena. Nilikwenda kumwona nikidhani ameacha kuosha. Alikuwa anaosha, ila kwa maji ya kisima cha chumvi, bila sabuni, mara mbili kwa wiki. Bomba la mtaa wao lilikuwa limekatika, maji yanauzwa kwa ndoo, na alikuwa na wajukuu wanne. Aliniambia kwamba sabuni ikiwepo hufulia sare za shule kwanza. Mnataka niwaeleze umaskini ni nini katika afya ya jamii? Ni yule bibi kuchagua kati ya mguu wake na sare ya mjukuu. Na yeyote kati yetu angechagua alivyochagua.

Takwimu zinasema mambo hayohayo kwa sauti ya mbali. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania Bara waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na vijijini ilikuwa asilimia 31.3. Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Tulifurahi, na halikuwa jambo dogo. Lakini kupanda kwa nchi hakumfikii mkwezi mpaka kuwe na kitu cha kumfikishia. Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na ninavyoona mimi kosa letu limekuwa kuwagawia maadui hao wizara tofauti, kana kwamba hawalali nyumba moja. Tangu wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993 iko misamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Msamaha huondoa bei ya dirishani. Nauli, chakula cha mwangalizi na siku zilizopotea hubaki palepale. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, na ninaomba wanaoitekeleza wasiisahau nauli.

Waheshimiwa madiwani, upande wenu uko kwenye vyoo na mitaro. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki, za aina ile inayofungashia vyombo vya umeme, katika mashimo ya vyoo yenye maji. Punje zile zikaelea, zikafunika maji, viluwiluwi wakakosa pumzi, mbu wakapungua sana. Na kwa kuwa watu walipewa dawa kipindi hichohicho, maambukizo yakashuka na hayakupanda haraka. Kazi ile ilifanyika upande wa pili wa mkondo huu wa bahari, kwa Waswahili wenzetu, wenye vyoo kama vyetu. Katika mitaa yetu ya bondeni, ambako maji ya chini yako karibu na shimo hujaa kila masika, kazi ya namna hiyo, pamoja na kuwabana wenye nyumba wafunike mashimo na kuziba makaro kabla ya kupokea kodi, ingetuondolea mbu ambao hakuna chandarua kinachowamaliza. Nayaomba hayo yaingie katika vikao vyenu vya bajeti. Naomba pia kwamba kila kambi ya upasuaji itakayotangazwa iwe na fungu la nauli ya mgonjwa na mwangalizi wake, na kwamba kipaza sauti kile kisitaje mabusha peke yake. Kitaje upasuaji wa ngiri, wa vinyama na mengineyo, ili anayekaa kwenye benchi asijulikane amekuja kwa lipi.

Wagawa dawa mlioko hapa, mkutano ukiisha tukae kidogo na viongozi wa mitaa tuone nyumba zipi zifikiwe jioni, na wavuvi wafikiwe wapi. Mimi nadhani pwani, wakati wa mnada wa samaki, huku mama ntilie wakiwa karibu na chapati na uji.

Na sasa nasema na wanaume waliokuja leo wakakaa nyuma, na wengine ambao hawakuja ila wametuma mtu asikilize. Nitakuwa chini ya ule mwembe nyuma ya ukumbi mpaka adhuhuri, na baada ya swala nitarudi nikae mpaka alasiri. Sina daftari, siandiki jina la mtu. Atakayetaka kuuliza kwamba ni kwa ajili ya kaka yake au mjomba wake, nitamjibu habari za kaka yake au mjomba wake, na nitampa maelekezo ya mahali pa kwenda na saa ambayo benchi huwa halina watu.